Swichi Inayoanguka Usiku wa Jumamosi

Mtu aliyelelewa Unguja ana desturi isiyomtoka hata akihamia nchi za mbali: taa zikizimika ghafla, hatua yake ya kwanza ni kwenda dirishani kutazama kama kwa jirani nako kumezimika. Desturi hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kizima kilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa bara kwa hitilafu iliyotokea katika njia ya kuuvusha baharini, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena karibu miezi mitatu. Na waliopitia kiza cha namna hiyo hujifunza kwamba umeme ukipotea kosa aghalabu liko mbali nao, chini ya bahari au katika ofisi za shirika, wala hapana la kufanya ila kuwasha kandili na kusubiri. Lakini mchukue mtu huyo umweke Koekelberg, manispaa ndogo ya kaskazini magharibi ya Brussels, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba moja na robo, kisha umeme umzimikie saa nne za usiku wa Jumamosi mashine ya kufulia ikiwa katikati ya kazi: atakwenda dirishani, atakuta madirisha ya ng'ambo yote yanawaka, taa za barabarani ziko imara, na watu wanapanda kutoka stesheni ya Simonis kama ada yao. Hapo ndipo itakapomdhihirikia kwamba kiza hiki ni chake peke yake, na kwamba dawa yake haiko kwa shirika bali chini ya ngazi, katika chumba cha chini ya nyumba, ubaoni penye mita na safu ya swichi.

Usiku wa Jumamosi nimeutaja kwa makusudi. Nyumba nyingi za mji ule zina mita ya bei mbili, ambayo huhesabu umeme wa usiku na wa mwisho wa wiki kwa bei nafuu kuliko ule wa mchana wa siku za kazi, na kwa hiyo mama mwenye watoto watano na mashuka ya wiki nzima huyaweka yote yakangojea saa hizo. Matokeo yake ni kwamba mashine ya kufulia, ya kukausha, pasi na birika hukutana kazini kwa wakati mmoja, na kila ubovu uliokuwa umejificha katika waya au katika chombo hupata fursa ya kujitokeza saa ambazo mafundi wamekwisha kufunga milango, na yule anayekubali kuja hudai ujira ambao ungetosha kununua nusu ya mashine mpya.

Nyumba zenyewe nazo zina habari yake. Juu ya kilima cha Koekelberg limesimama basilika kubwa la Moyo Mtakatifu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1905 na Mfalme Leopold wa Pili, yule yule aliyekuwa wakati huo akiimiliki Kongo kuwa mali yake binafsi. Ujenzi ukasimamishwa na vita, ramani ya kwanza ikaachwa, ikashikwa ile ya msanifu Albert Van Huffel, na kazi haikukamilika hadi mwaka 1970. Katika muda huo wa miaka 65 nyumba zilizolizunguka basilika, zile nyembamba za matofali zenye ghorofa tatu au nne, zilitoka katika taa za gesi zikaingia katika balbu, zikatoka katika balbu zikaingia katika majiko, majokofu na mashine za kufulia. Na kila kizazi kiliongeza waya wake juu ya waya wa waliotangulia, bila ya kung'oa kilichokuwapo. Baadaye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ikagawanywa kwa wapangaji wanne au watano, wakiwamo leo watu wa Bukavu, Goma, Bujumbura, Mombasa na Unguja, na katika chumba cha chini kimoja unaweza kukuta fyuzi za kauri, swichi za miaka ya sabini na breka za juzi zikikaa ukuta mmoja. Mjukuu wa watu ambao mfalme yule alijitajirisha kwa jasho lao hufua nguo zake chini ya kilima alichokichagua mfalme, na waya ulio ukutani mwake pengine ni wa siku za babu yake. Simlazimishi msomaji kuona maana katika jambo hilo. Nalitaja kwa kuwa umri wa waya ni sehemu ya hitilafu.

Katika ubao huo mna walinzi wa namna mbili, na asiyewatofautisha hatafika popote. Wa kwanza ni breka ya kawaida, ambayo kazi yake ni kuulinda waya. Ndani yake mna ukanda wa madini mawili yaliyoshikamanishwa, ambao ukipitiwa na umeme mwingi kuliko kiasi hupata joto, ukajipinda polepole na kuifyatua swichi; na kando ya ukanda huo mna koili ambayo umeme ukizidi mara nyingi kwa ghafla huwa sumaku yenye nguvu na kuifyatua papo hapo. Kuuchanganya ukanda na koili katika kasha moja dogo la kufungwa ubaoni ni kazi iliyofanywa katika kampuni ya Hugo Stotz ya Mannheim, Ujerumani, mwaka 1924, na breka za leo hazijaacha asili hiyo. Mlinzi wa pili ni ile swichi pana yenye kitufe cha kujaribia, ambayo wakazi wa Brussels, wenyeji kwa wageni, huiita diferensiali. Huyu halindi waya, hulinda mtu. Fikiria karani aliyeketi mlangoni pa ghala la bandarini akihesabu magunia yatokayo asubuhi na yarudiyo jioni: maadamu hesabu mbili ni sawa, yeye hana neno, hata yakiwa magunia elfu, bali likipungua moja tu asijue limepitia wapi, hufunga mlango. Ndivyo ilivyo diferensiali. Umeme unaokwenda kwenye chombo na ule unaorudi hupita wote ndani ya pete moja ya chuma, na vikilingana pete hukaa kimya. Ukipotea kidogo kwa kupita penginepo, yaani katika bati la mashine, katika ukuta wenye maji au katika mwili wa mtu, pete huhisi tofauti na swichi huanguka kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita.

Kiasi kinachotosha kuiangusha ni kidogo mno. Sheria ya Ubelgiji hutaka mlangoni pa umeme wa nyumba pawe na diferensiali ya miliampia 300, na kwa bafu na mashine za kufulia pawe na nyingine ya miliampia 30. Na kila moja yaweza kuanguka kwa haki tangu nusu ya kiasi chake. Miliampia 30 hazitoshi kuwasha balbu ya zamani, lakini zaidi ya hapo, zikipita kifuani kwa muda, moyo huweza kupoteza mpigo wake. Wanasayansi waliotafuta mpaka huo hawakuutafuta kwa kalamu tu: Gottfried Biegelmeier wa Austria alijipitishia umeme mwilini mwake mwenyewe ili apime. Na huku kwetu Afrika, katika miaka ya 1950, mhandisi Henri Rubin alikuwa akitengeneza kifaa cha jinsi hiyo huko Afrika Kusini kwa ajili ya migodi ya dhahabu, ambamo umeme na unyevu vilikuwa vikiwaua wachimbaji. Kifaa ambacho mpangaji wa Koekelberg hukitukana usiku wa manane kimelipiwa gharama hiyo.

Basi swichi inapoanguka, swali la kwanza lisiwe ni nani aliyeharibu mashine. Liwe ni mkono wa swichi ipi ulioanguka, na la pili liwe ulianguka lini. Maswali haya mawili humaliza nusu ya kazi kabla bisibisi haijashikwa, na ajabu ni kwamba hayaulizwi. Watu huuinua mkono kwa hasira, ukaanguka, wakauinua tena, na kwa kila mara wanayoinua hupoteza habari waliyokuwa wakipewa.

Ikiwa iliyoanguka ni breka ya kawaida, nayo ilikawia dakika kadhaa ndipo ikakata, dhana ya kwanza ni kwamba vyombo ni vingi kupita uwezo wa waya. Hesabu yake ni nyepesi. Waya wa soketi wenye unene wa milimita za mraba 2.5 hulindwa Ubelgiji na breka isiyozidi ampia 20, na ampia 20 kwa volti 230 ni wati 4,600. Mashine ya kufulia inapochemsha maji hula wati 2,000 au zaidi kidogo, ya kukaushia ya mtindo wa zamani 2,500, birika 2,000. Jumla ni wati 6,500, sawa na ampia 28. Breka haitakata mara moja, kwa sababu ukanda wake unahitaji muda wa kupata joto, na kwa ziada ya kiasi hicho huweza kuvumilia dakika nyingi, jambo linalowafanya watu waapie kwamba vyombo hivyo hivyo vilikuwa vikifanya kazi pamoja vizuri tangu jioni. Hapo hapana chombo kibovu. Panahitajika subira ya kufanya moja baada ya nyingine. Lakini kama breka inafyatuka papo hapo, kwa mlio, hata kabla ya mkono wako kuondoka, basi nyaya mbili zimegusana mahali, na kuinua tena ni kuchezea moto.

Ikiwa iliyoanguka ni diferensiali, wingi wa vyombo hauna lawama kwa njia hiyo. Kuna mahali umeme unavuja, na kazi iliyobaki ni kupatafuta kwa utaratibu: vyombo vyote vichomolewe kutoka ukutani, si kuzimwa tu, kisha swichi iinuliwe. Ikikaa, vichomekwe kimoja kimoja, huku ukingoja baina ya kimoja na kingine, mpaka mkosaji ajitaje. Ikianguka ilhali hapana kitu kilichochomekwa, chombo hakina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye waya wa nyumba: breka zote zishushwe, diferensiali iinuliwe, kisha breka zirudishwe moja moja.

Nilipata kusimama na tochi katika chumba cha chini cha nyumba moja baina ya Simonis na basilika, mwenyeji akiwa mama wa Bukavu, na mtazamaji wa mashine akiwa mwanamume wa Tanga aliyesomea umeme ujanani na ambaye majirani humwita kabla ya kuwaita wenye magari na vitabu vya risiti. Mama alikuwa amekwisha kuikatia mashine hukumu ya kutupwa.

"Papa, hii mashine iko inazimisha nyumba yote," alisema.

"Pole sana, mama. Huzimisha pale unapoiwasha, au hufua kwanza?"

"Inaanza muzuri. Inakamata maji, inazunguka, inazunguka, kisha inakata."

"Na ukifua kwa maji ya baridi?"

Mama alifikiri. "Ya baridi inamaliza muzuri. Ni yale mashuka tu."

Yule mtu alitabasamu, na mimi sikufahamu kwa nini mpaka alipoeleza. Mashine inapojaza maji, mfereji wake unafanya kazi. Inapozungusha, mota inafanya kazi. Ikimwaga, pampu inafanya kazi. Na kama kila kimoja kinapita salama kwa maji ya baridi, lakini umeme unakatika dakika chache baada ya kuanza programu ya mashuka ya nyuzi 60, basi kilichoingia kazini katika dakika zile ni kimoja tu, nacho ni hita. Angalikuwa ameambiwa kwamba inakata wakati wa kukamua kwa kasi, angaliitazama mota na unga wa makaa uliolundikana humo, au waya ulioliwa kwa kusuguana na bati. Wakati wa kumwaga, angaliitazama pampu. Wakati wa kuvuta maji, angalifuata mpira na kisanduku cha sabuni, ambacho kikiziba hufurika na kudondosha maji juu ya plagi za ndani. Saa ya kuanguka ndiyo ramani.

Alichomoa waya wa ukutani, akafunga mfereji, akatoa maji yaliyosalia kwa kifuniko kidogo cha chini mbele, akalifungua bati la nyuma. Chini ya pipa palionekana vichwa vya hita: ncha mbili za kupokea umeme, na katikati nati moja yenye waya wa kijani na manjano, ambao ni waya wa ardhi. Alipiga picha kwa simu kabla ya kung'oa chochote, ada ambayo ningependa kila fundi awe nayo. Kisha akaweka multimita baina ya ncha mbili, ikasoma omu 26, na mimi nikadhani amekosea, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha hita nzima ya wati 2,000. Ndipo akahamisha ncha moja ya kipimo akaigusisha kwenye bati la hita, mahali ambapo palipaswa kuonyesha ukinzani usio na mwisho, na namba zikashuka hadi omu elfu tatu hivi. Hita ilikuwa nzima kwa upande wa kuchemsha, ila ilikuwa ikivuja kwa upande wa ardhi. Nguo zingaliendelea kupata maji ya moto kwa miezi kama diferensiali isingalikuwapo, na bati la mashine lingalikuwa likingojea mkono uliolowa.

Alilegeza nati, akaisukuma ndani ili mpira ulioshika hita upungue unene, akaivuta polepole. Ilitoka imevikwa ganda jeupe, nene mahali pengine kama nusu ya kidole, na chini ya ganda, palipobanduka, mlionekana ufa mwembamba katika bomba. Ganda hilo ni chokaa. Maji ya Brussels, yanayoletwa na shirika la Vivaqua, hutoka kwa sehemu kubwa katika ardhi ya mawe ya chokaa ya kusini mwa nchi na katika mto Meuse, nayo ni maji magumu. Kila yanapochemshwa huacha sehemu ya chokaa juu ya chuma kilichoyachemsha. Chokaa huzuia joto lisiingie majini, bomba likapata joto kupita kiasi, likapasuka. Na ndani ya bomba waya wa hita umezungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu, kihami kizuri sana kikiwa kikavu, bali chenye tabia ya kunyonya maji. Ufa mmoja unatosha. Hita mpya iligharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine, na kufungwa kwake hakukuchukua jioni nzima. Wanaotia siki ndani ya mashine tupu mara kwa mara ili kupunguza chokaa wanafanya vyema, mradi wasiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Naongeza neno juu ya multimita, kwa kuwa imewapoteza wengi. Betri yake hutoa volti chache tu, na uvujaji mwingine haujitokezi mpaka chombo kisukumwe kwa nguvu. Ndiyo sababu mafundi wa ukaguzi hupima kihami kwa kifaa kinachotoa volti 500. Multimita ikisema pana uvujaji, isadiki. Ikisema hapana, usiisadiki mara moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limewaghafilisha hata mafundi hodari waliotoka kwetu. Fundi aliyejifunza Mombasa au Dar es Salaam amefundishwa kwamba katika nyaya mbili za soketi mmoja una umeme na wa pili, nyutro, hauna. Hivyo ukikata ule wa kwanza kazi imekwisha. Katika sehemu kubwa ya Brussels umeme wa zamani haukugawanywa hivyo. Huko zimepitishwa nyaya tatu za umeme zenye volti 230 baina ya kila mbili, bila ya nyutro kufika nyumbani, na kwa hiyo soketi hupokea nyaya mbili zote zenye umeme, kila mmoja ukiwa na volti 133 hivi kwa hesabu ya ardhi. Chomeka testa katika tundu la kwanza, itawaka. Ichomeke katika tundu la pili, itawaka pia. Swichi inayokata upande mmoja tu huacha upande wa pili ukiwa hai ndani ya chombo kilichozimwa, na hita yenye ufa huendelea kuvuja hata kitufe cha mashine kikiwa kimezimwa, mpangaji akastaajabu kwamba umeme unakatika ilhali mashine imelala. Kwa sababu hiyo breka za huko hukata nyaya zote mbili, na kwa sababu hiyo hiyo neno "nimekwisha kuizima" halimkingi mtu. Kinachomkinga ni kuchomoa plagi.

Plagi yenyewe nayo ni tofauti. Sisi tumezoea ile ya Kiingereza yenye miguu mitatu bapa, iliyowekewa kanuni mwaka 1947, ambayo hubeba fyuzi tumboni mwake isiyozidi ampia 13. Chombo kikiharibika, fyuzi hiyo aghalabu huungua kwanza na taa za nyumba zikabaki. Plagi ya Ubelgiji haina fyuzi, na kila kosa hupanda moja kwa moja mpaka ubaoni. Pia soketi ya huko ina kijiti cha chuma kinachotokeza, ambacho ndicho ardhi. Msafiri aliyekuja na birika lake kutoka nyumbani hununua adapta ya bei nafuu sokoni, isiyo na mahali pa kupokea kijiti hicho, na tazama, birika lililokuwa likiangusha diferensiali kwa ndugu yake haliiangushi tena! Hufurahi, naye hana la kufurahia. Uvujaji ungaliko, kilichoondoka ni njia yake ya kwenda ardhini, na sasa unangoja njia nyingine, ambayo ni yeye mwenyewe akiwa pekupeku juu ya sakafu ya mawe.

Nimesikia tiba nyingine za namna hiyo, na zote zina shabaha moja ya kumnyamazisha mlinzi. Yuko anayetoa breka ya ampia 20 akatia ya 32 katika waya ule ule, akauacha waya uungue ndani ya ukuta badala ya swichi kuanguka nje. Yuko anayeuzuia mkono wa swichi kwa kipande cha mti au utepe, naye hapati kitu, kwa kuwa breka hizi zimeundwa zifyatuke kwa ndani hata mkono ukiwa umeshikiliwa. Na yuko anayekata waya wa kijani na manjano kwa koleo. Kwa huyu wa mwisho sina lugha ya upole.

Lakini si haki kuisingizia mashine kila mara. Vyombo vingi vya leo, kwa sababu ya vichujio vilivyo ndani yao, huvujisha kiasi kidogo kwenda ardhini kwa kuumbwa kwao, wala si kwa ubovu. Kimoja nusu miliampia, kingine mbili au tatu. Vikikusanyika jokofu, kompyuta, mashine ya kufulia, ya kuoshea vyombo na jiko chini ya diferensiali moja ya miliampia 30, jumla huweza kukaribia 15 hata kabla ya kosa lolote, na hapo kikichomekwa cha mwisho, kizima kabisa, swichi huanguka na lawama hukiendea hicho. Dawa ni kuvigawa chini ya diferensiali mbili. Kadhalika oveni iliyokaa miezi bila kutumiwa, au mashine iliyohamishwa majira ya baridi ikalazwa katika chumba cha chini chenye unyevu, huweza kuangusha swichi kwa maji yaliyonyonywa na unga wa hita yake, kisha ikapona baada ya kukaushwa. Vyumba vya chini vya Koekelberg vina kuta zinazotoka jasho, na katika siku za mvua nyingi ekstensheni iliyolala sakafuni yatosha kuzima nyumba bila ya msaada wa chombo chochote. Tena majokofu yenye hita ya kuyeyushia barafu huiangusha swichi kwa saa zake, mara moja au mbili kwa siku, na mtu asiyeandika saa atalaumu kila kitu ila jokofu.

Vitu vidogo, kama birika na pasi, waweza kuvipeleka bila malipo katika mikutano ya kutengenezea vyombo inayofanywa na watu wa kujitolea katika manispaa mbalimbali za Brussels, mtindo ulioanzishwa Amsterdam mwaka 2009 na mwandishi wa habari Martine Postma. Mashine ya kufulia, kwa uzito wake, haipelekwi. Lakini ushauri hubebeka, na picha ya hita katika simu pia.

Likidhihirika kosa kuwa la waya na si la chombo, mpangaji asijitwike kazi isiyo yake. Kanuni ya mitambo ya umeme ya Ubelgiji, iliyotolewa kwa amri ya kifalme ya mwaka 1981 na kuandikwa upya kwa ile ya 2019 iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2020, hutaka umeme wa nyumba ukaguliwe na shirika lililoidhinishwa kila baada ya miaka 25, ukinzani wa ardhi usizidi omu 30 ila kwa kinga za ziada, na diferensiali ya mlangoni ifungwe kwa muhuri wa mkaguzi ambao hapana ruhusa ya kuuvunja. Mashine ni ya aliyeinunua. Waya wa ukutani ni wa mwenye nyumba. Wapangaji wa kwetu hulemewa na haya, au hofu ya kuongezewa kodi, wakakaa miaka na swichi inayoanguka, huku wakiwa na haki ya kuomba cheti cha ukaguzi na kukisoma.

Ombi hilo liandikwe, lisiishie mdomoni. Barua iwe kwa Kifaransa au Kiholanzi, maana zote mbili ni lugha rasmi za Brussels. Itaje mkono ulioanguka, wa miliampia 30 au 300, siku na saa za kila anguko, na kwamba swichi ilianguka ilhali vyombo vyote vimechomolewa, kwani sentensi hiyo moja humwondolea mwenye nyumba udhuru wa kusema mashine ya mpangaji ndiyo mbovu. Itumwe kwa rejista, na nakala ikae kwa mpangaji pamoja na risiti ya posta.